Klachi ya Pikipiki: Itambue Hitilafu Mapema, Itengeneze kwa Mpangilio

Makala ya elimu kwa wananchi – Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Katika vijiji vingi vya halmashauri yetu, pikipiki ndiyo chombo cha kwanza kuitwa pale shida inapobisha hodi. Mama anayeshikwa na uchungu usiku, mtoto mwenye homa anayepelekwa zahanati, gunia la maharage linalowahi gulio, na mwalimu anayeishi mbali na kituo chake cha kazi, wote huitegemea. Maafisa ugani nao, hususan baada ya Serikali kugawa pikipiki kwa kada hiyo mwaka 2022, huzitumia kuwafikia wakulima mashambani. Kwa vijana walionunua pikipiki kwa mkopo, siku moja ya kulala gereji ni siku isiyo na marejesho.

Miongoni mwa hitilafu zinazolaza pikipiki gereji mara kwa mara ni ile ya klachi. Jambo la kusikitisha ni kwamba wamiliki wengi hulipia pleti mpya ilhali kasoro ilikuwa kwenye waya, ambao ungerekebishwa kwa dakika 10 na spana moja. Wengine hufanya kinyume chake: huendelea kukaza waya wiki hadi wiki huku pleti zikiungua ndani ya injini. Makala haya yanaeleza namna klachi inavyofanya kazi, namna ya kutofautisha hitilafu zake, na hatua za kuitengeneza, kuanzia ile isiyo na gharama hadi ile inayohitaji kufungua injini. Maelezo yanahusu pikipiki za gia zenye leva ya klachi upande wa kushoto wa usukani, za injini ya ujazo wa kati ya sentimita za ujazo 100 na 150, ambazo ndizo nyingi katika barabara zetu.

KLACHI NI NINI?

Injini ikiwaka huzunguka muda wote, lakini tairi la nyuma halipaswi kuzunguka muda wote. Lazima kiwepo kiungo kinachoweza kuunganisha nguvu ya injini na gia, na kuitenganisha kila dereva anapotaka kuondoka, kubadili gia au kusimama. Kiungo hicho ni klachi.

Ndani ya mfuniko wa injini, ambao kwa pikipiki nyingi za aina hii ni wa upande wa kulia, mna chombo cha mviringo kiitwacho hausingi. Hausingi huzungushwa na injini. Ndani yake zimepangwa pleti za aina mbili kwa kupishana: pleti zenye utando wa msuguano, ambazo masikio yake huingia kwenye mianya ya hausingi, na pleti za chuma, ambazo meno yake hushika kitovu cha katikati kilichofungwa kwenye shafti ya gia. Springi kadhaa huzibana pleti hizo zote pamoja. Zikibanwa, hausingi na kitovu huzunguka kama kitu kimoja, na nguvu hufika tairini.

Dereva akibana leva, waya huvuta mkono mdogo ulio kwenye injini. Mkono huo huzisukuma springi, pleti zikaachana, na nguvu ikakatika. Akiachia leva, springi huzibana tena pleti. Pleti hizi hufanya kazi zikiwa zimelowa oili ileile inayolainisha injini. Ndiyo maana uchaguzi wa oili una uhusiano wa moja kwa moja na afya ya klachi.

MARADHI MAWILI YANAYOFANANA KWA JINA TU

Mtu akisema "klachi imekufa", swali la kwanza la kumuuliza ni hili: inateleza, au haikati? Hayo ni maradhi mawili tofauti, na tiba yake hutofautiana.

Klachi inayoteleza haibani vya kutosha. Dalili zake ni injini kupiga kelele bila mwendo kuongezeka, pikipiki kuishiwa nguvu mlimani au inapobeba mzigo, na wakati mwingine harufu ya kuungua. Sababu zake huwa ni waya uliokazwa kupita kiasi, oili isiyofaa, pleti za msuguano zilizolika au springi zilizolegea.

Klachi isiyokata haiachii vya kutosha. Dalili zake ni pikipiki kutaka kwenda ilhali leva imebanwa hadi mwisho, injini kuzimika unapoweka gia ya kwanza, gia kugonga, na nyutro kuwa ngumu kupatikana ukiwa umesimama. Sababu zake huwa ni waya uliolegea au kuchakaa, oili nzito au iliyochoka, pleti za chuma zilizopinda, au mianya ya hausingi iliyochimbika. Hata hivyo, gia kugonga kidogo asubuhi oili ikiwa baridi si lazima iwe ugonjwa.

VIPIMO VINNE KABLA YA KUSHIKA SPANA

Kipimo cha kwanza ni uchezaji wa leva. Vuta leva polepole kwa kidole kimoja hadi uhisi uzito wa springi. Umbali ambao ncha ya leva imesafiri kabla ya uzito huo ndio uchezaji wake. Kwa pikipiki nyingi ndogo, uchezaji wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya leva unafaa. Kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha pikipiki yako. Leva isiyo na uchezaji wowote maana yake springi zimebanwa nusu muda wote, na klachi itateleza hata kama pleti ni mpya. Leva yenye uchezaji mwingi mno maana yake klachi haitakata.

Kipimo cha pili ni cha kusukuma. Zima injini, weka gia ya kwanza, achia leva, kisha sukuma pikipiki mbele. Tairi la nyuma linapaswa kugoma, kwa kuwa linalazimika kuizungusha injini. Likizunguka kwa urahisi, klachi imechoka sana. Sasa bana leva hadi mwisho na usukume tena: pikipiki inapaswa kusogea. Ikigoma hata injini ikiwa na joto, klachi haikati.

Kipimo cha tatu ni cha barabarani. Chagua barabara tambarare isiyo na watu, bila abiria na bila mzigo, ukiwa umevaa kofia ngumu. Endesha kwa mwendo wa wastani katika gia ya juu, kisha ongeza mafuta kwa mkupuo mmoja. Klachi nzima itapandisha mlio na mwendo kwa pamoja. Mlio ukipanda ghafla huku mwendo ukibaki palepale, klachi inateleza.

Kipimo cha nne ni kumbukumbu. Jiulize: tangu niliporekebisha waya mara ya mwisho, uchezaji wa leva umeongezeka au umepungua? Waya unaponyooka na kuchakaa, uchezaji huongezeka. Pleti zinapolika, uchezaji hupungua, kwa sababu sahani inayobana huzifuata pleti kadiri zinavyopungua unene. Kwa hiyo, leva inayokosa uchezaji mara kwa mara bila mtu kuigusa inakuambia kuwa pleti zinakwisha. Dereva anayeandika tarehe za marekebisho katika daftari dogo humpa fundi nusu ya jibu.

HATUA YA KWANZA: KUREKEBISHA NA KUTUNZA WAYA

Rekebisha waya injini ikiwa imepoa. Pikipiki nyingi zina virekebishi viwili: kimoja kwenye leva kwa marekebisho madogo, na kingine kwenye injini kwa marekebisho makubwa.

1. Legeza nati ya kufungia kwenye leva, kisha ingiza kirekebishi hadi karibu na mwisho ili kukiachia nafasi ya kazi ya baadaye.
2. Nenda kwenye kirekebishi cha injini, legeza nati zake, na kisogeze hadi leva ipate uchezaji unaotakiwa. Kaza nati.
3. Rudi kwenye leva ukamilishe kwa marekebisho madogo. Kukitoa kirekebishi nje hupunguza uchezaji. Kukiingiza ndani huuongeza.
4. Geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Uchezaji ukibadilika, waya umepitishwa vibaya au umebanwa mahali fulani.

Kagua pia waya wenyewe. Chomoa ncha yake kwenye leva uangalie nyuzi zilizo karibu na kichwa chake. Nyuzi zikianza kukatika, hata moja au mbili, badilisha waya wote. Usisubiri ukatike ukiwa mlimani. Waya mkavu au wenye kutu hurudi kwa uzito na huweza kuiacha klachi ikiwa imebanwa nusu. Tone la oili nyepesi kwenye ncha ya juu, likiachwa lishuke taratibu, hutosha. Waya mpya upite njia ileile ya zamani, bila kona kali na mbali na ekzosi.

Ikitokea waya umekatika ukiwa mwendoni, punguza mafuta, tumia breki kwa utulivu, na uzime injini kwa swichi kabla ya kusimama kabisa. Mshushe abiria. Kubadili gia kwa nguvu ukiwa na mtu nyuma si ushujaa.

HATUA YA PILI: OILI

Kama uchezaji ni sahihi na klachi bado inasumbua, angalia oili kabla ya kufikiria kufungua injini. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare, subiri dakika chache baada ya kuzima injini, kisha pima kwa kijiti kwa kufuata maelekezo ya kitabu.

Swali muhimu zaidi ni aina ya oili. Baadhi ya oili za magari madogo zimewekewa viungo vya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo. Kwa gari hilo ni faida, kwa kuwa klachi yake haikai ndani ya oili ya injini. Kwa pikipiki zetu ni madhara, kwa sababu pleti huishi kwa msuguano huohuo. Nunua oili ya pikipiki za mipigo minne yenye alama ya JASO MA au MA2 kwenye kopo. Alama hiyo inaonesha kuwa oili imepimwa kwa klachi za aina hii. Zingatia pia uzito ulioandikwa kwenye kitabu, na epuka kuchanganya dawa zinazouzwa kwa ahadi ya kulainisha injini.

Ikiwa klachi ilianza kuteleza mara tu baada ya kubadilisha oili, mwaga oili hiyo, weka iliyo sahihi, na uendeshe siku chache kabla ya kutoa hukumu. Iwapo pleti hazijaungua, huenda zikapona.

HATUA YA TATU: KUFUNGUA INJINI

Hatua hii ni ya fundi au ya mmiliki mwenye vifaa na uzoefu. Hata hivyo, mmiliki asiyeshika spana anapaswa kuifahamu, ili ajue anacholipia.

Oili humwagwa kwanza, kisha waya hutolewa, na kiki pamoja na kikanyagio huondolewa endapo vinazuia mfuniko. Bolti za mfuniko hazilingani urefu. Fundi makini huchora umbo la mfuniko kwenye kipande cha boksi na kuchomeka kila bolti mahali pake. Bolti ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi inaweza kupasua injini.

Bolti za springi hulegezwa kidogo kidogo kwa kukingamana, wala si moja kuisha kabla ya nyingine kuguswa. Baadhi ya injini zina nati ya katikati inayohitaji spana maalumu. Kuifungua kwa patasi na nyundo huharibu nati, na chembe za chuma zinazoanguka huingia katika oili. Fundi asiye na spana hiyo ni heri aiazime.

Pleti zikitoka zipangwe kwa mfuatano wake, kisha zikaguliwe hivi:

– Pleti za msuguano zipimwe unene kwa kalipa katika sehemu kadhaa, na kipimo kilinganishwe na ukomo ulioandikwa kwenye kitabu. Tofauti kati ya pleti mpya na iliyokwisha ni sehemu ndogo ya milimita, hivyo jicho peke yake halitoshi. Pleti iliyokuwa nyeusi, inayong'aa kama kioo au yenye harufu ya kuungua haifai.

– Pleti za chuma zilazwe juu ya kioo bapa na nafasi chini yake ipimwe kwa fila geji. Pikipiki nyingi huweka ukomo wa kupinda kati ya milimita 0.1 na 0.2. Pleti yenye rangi ya buluu imepata joto kali.

– Springi zipimwe urefu zikiwa huru. Moja ikiwa fupi kuliko ukomo, zibadilishwe zote kwa pamoja.

– Mianya ya hausingi ipapaswe kwa kidole. Mikwaruzo midogo husawazishwa kwa tupa laini. Mashimo yanayonasa masikio ya pleti hudai hausingi mpya, la sivyo klachi haitakata hata pleti zikiwa mpya.

Pleti mpya za msuguano ziloweshwe kwenye oili safi kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku mzima, kabla ya kufungwa. Pleti kavu huungua mwanzoni kabisa mwa maisha yake. Zipangwe kwa kupishana kama zilivyotoka, bolti za springi zikazwe kwa kukingamana kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu, na gasketi iwe mpya. Silikoni nyingi iliyopakwa badala ya gasketi huweza kumeguka na kuziba njia ya oili. Mwisho, jaza oili kwa kipimo, rekebisha waya upya, washa injini na uache izunguke taratibu huku ukitazama uvujaji. Kisha rudia vipimo vyote vya awali.

Kuna njia za mkato ambazo hazina budi kukataliwa: kuweka washa chini ya springi ili zibane zaidi, na kupiga msasa pleti zilizokwisha. Njia hizo huweza kuleta nafuu ya siku chache. Baadaye leva huwa nzito, waya hukatika, na pleti humalizikia barabarani. Waswahili walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

TABIA ZINAZOMALIZA KLACHI

Vidole vinavyopumzika juu ya leva safari nzima huibana klachi kidogo muda wote. Kuizuia pikipiki isirudi nyuma mlimani kwa kuchezea klachi badala ya breki huichoma. Kuondoka kwa gia ya pili, kwa haraka ya kumwahi abiria, huirarua. Na "mshikaki", mbali na kuwa kosa la usalama barabarani, huipa klachi mzigo ambao haikuundwa kuubeba. Abiria wawili nyuma kwenye mlima wa vumbi wanaweza kupunguza maisha ya pleti kuliko wiki nzima ya kazi halali.

UKIWA KWA FUNDI

Eleza dalili, usitaje dawa. Sema "inateleza nikipanda mlima" badala ya "nibadilishie pleti". Omba fundi apime uchezaji wa leva mbele yako kabla ya kufungua chochote. Akibadilisha vifaa, omba urudishiwe vya zamani na upewe stakabadhi. Linganisha pleti mpya na za zamani kwa idadi, upana na meno kabla hazijafungwa. Mtumishi anayetumia pikipiki ya Serikali atoe taarifa kwa msimamizi wake mara dalili inapoonekana na kufuata utaratibu wa matengenezo ya vyombo vya umma.

Oili chafu isimwagwe mtaroni, shambani wala karibu na chanzo cha maji. Ikusanywe kwenye dumu lenye mfuniko na ikabidhiwe kwa wanaoikusanya kihalali. Kisima kikishaingiwa na oili, kukisafisha ni kazi ngumu kuliko kununua dumu.

FURSA KWA VIJANA NA MAFUNDI

Mafundi waliojifunzia kazi chini ya mwembe bila kupita darasani wanaweza kurasimisha ujuzi wao kupitia Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), ambayo huupima ujuzi huo na kumpatia cheti anayekidhi vigezo. Vikundi vya vijana vinavyokusudia kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ni ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu, vinashauriwa kuonana na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kikundi kinachoomba pikipiki kiweke katika andiko lake fungu la matengenezo: oili sahihi, waya wa akiba, seti ya spana na kalipa. Pikipiki isiyo na fungu hilo hudai fedha zake siku ambayo mfuko ni mtupu.

IKITOKEA NJIANI UKIWA NA MGONJWA

Klachi ikianza kuteleza mlimani ukiwa umebeba mgonjwa, usiongeze mafuta. Kadiri injini inavyolazimishwa ndivyo pleti zinavyoungua. Punguza mafuta, simama mahali salama, na uangalie uchezaji wa leva. Kama haupo, zungusha kirekebishi cha kwenye leva kuelekea ndani hadi upatikane, kisha ondoka taratibu. Kama uchezaji upo na bado inateleza, pikipiki hiyo haitafika. Piga simu mara moja kwa zahanati au kwa dereva mwingine aje kumchukua mgonjwa, wala usingoje hadi isimame yenyewe. Kila dereva wa bodaboda awe na namba ya simu ya zahanati ya kijiji chake na ya wenzake wawili wa kijiweni. Asiyekuwa nazo azichukue leo, na akiwa hapo kijiweni apime uchezaji wa leva yake.